Kalibu ya Mfupa

Rupia ilikuwa juu ya karatasi nyeupe, katikati ya meza ya Inspekta Raheli Nampota, na kwa mtu asiye na habari ilikuwa haina kosa lolote. Upande mmoja mtawala wa Kijerumani, masharubu yamesimama, kofia ya chuma yenye ndege juu. Upande wa pili shada la majani na maandishi. Ilikuwa inang'aa vizuri tu. Kwa ajili ya kitu hicho kidogo mwanamke mmoja alikuwa amelala mahabusu tangu jana jioni.

Ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi. Mkuu wa kituo, mtu anayependa majalada yake yawe membamba, alikwisha kusema la kwake: Jumatatu asubuhi mama huyo afikishwe mahakamani kwa wizi, yaishe. Raheli hakubisha. Alikuwa amefanya kazi chini ya mkuu huyo miaka sita, na alijua kwamba kumbishia ni kumtia ari. Aliomba siku moja tu, na akapewa kwa sababu mkuu mwenyewe alikuwa na safari ya kwenda kutazama mpira.

Alimtoa Hadija mahabusu, akamkalisha kwenye benchi, akamwagizia chai na chapati. Hadija alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa muhogo na korosho huko Ziwani, mwenye kipini puani na mikono iliyokauka kwa kazi. Kazi yake ya pili, ile iliyompa heshima, ilikuwa kuwa somo. Mabinti wa nyumba za watu Mikindani nzima walipitia mikononi mwake kabla ya kuolewa.

"Bi Hadija, nisimulie tena. Polepole, mimi si mtu wa huku."

"Nilikwisha kumwambia mkuu wako."

"Mkuu wangu mwanamume. Nisimulie mimi."

Hadija akaiweka chapati chini. Ukoo wa akina Chande wa Mikindani, alisema, una rupia saba za fedha tangu enzi za Mjerumani. Kila binti wa ukoo akiolewa hupewa moja, akae nayo hadi kufa, kisha irudi sandukuni kumsubiri mwingine. Anayetunza sanduku ni shangazi yao mkubwa, Bi Mwanakombo. Jana ilikuwa zamu ya Hafsa, binti wa Yassini.

"Tunajifungia chumbani, wanawake watupu," Hadija alisema. "Bi Mwanakombo ananipa rupia. Wanawake wote wananyamaza. Mimi naiangusha juu ya msio, lile jiwe tunalosagia liwa. Inalia. Wanapiga vigelegele. Naiangusha mara tatu, inalia mara tatu, ndiyo anapewa mwali. Tunaita kuliza rupia."

"Na jana?"

"Jana ilisema pu. Kama donge la udongo." Machozi yalimlengalenga, akayakasirikia. "Nikaiangusha tena. Pu. Upande wa bwana harusi wakaanza kuangaliana. Mama mkwe akasimama, akasema wanataka kumpa mwanawe mke wa rupia ya bati. Hapo ndipo Bi Mwanakombo akasema mimi ndiye niliyeishika."

"Kabla ya Hafsa ulikwisha kuwalizia mabinti wangapi?"

"Kwa ukoo huu? Watatu. Zote zililia."

"Wanaume wa ukoo wanajua habari ya kuliza rupia?"

Hadija alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike pale. "Watajuaje? Hayo ni ya ndani. Hata marehemu mume wangu alikufa hajui. Wao wakiwa barazani husikia vigelegele, wanadhani tumefurahi tu."

Raheli aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa linamwasha tangu alfajiri.

"Ungekuwa wewe ndiye uliyeibadilisha, jana ungefanyaje?"

"Ningeugua," Hadija alijibu bila kufikiri. "Ningeshikwa na tumbo, wakamwita somo mwingine aaibike yeye. Nani anaangusha kitu kibubu mbele ya wanawake arobaini huku anajua ni kibubu?"

Ndivyo Raheli naye alivyokuwa anawaza. Lakini ndani ya jalada mlikuwa na karatasi nyingine, ile iliyompa mkuu uhakika wake: mwezi uliopita Hadija alionekana Chikongola, kwenye karakana ya Twahiru, sonara.

"Nilipeleka kipini changu," Hadija alisema. "Kilikatika. Si hiki hapa?" Akaigusa pua yake. "Afande, mahakama naiogopa, sikufichi. Ila hata wakiniachia, mwali gani nitapewa tena? Mtu akisikia jina langu atauliza, si yule aliyeiba rupia?"

Raheli aliifunga ile rupia kwenye karatasi, akatia saini daftari la vielelezo, akawasha pikipiki ya kituo.

Bi Mwanakombo alimpokea kwa adabu na kwa uso uliofungwa. Alikuwa mjane wa miaka sabini, mnyoofu wa mgongo, na nyumba yake ya Mikindani ilinuka udi wa jana ambao haukupata shughuli. Harusi ilikuwa imesimamishwa. Hafsa alikuwa chumba cha pili, na kwikwi zake zilisikika hadi ukumbini.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Umekuja kuniambia amekiri?"

"Nimekuja kuona sanduku."

Lilikuwa sanduku dogo la mti mweusi, bawaba na komeo za shaba. Ufunguo ulikuwa kwenye kidani shingoni mwa mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe na rupia mbili tu. Nyingine, alieleza, zilikuwa kwa wanawake wa ukoo walioolewa. Raheli aliomba ruhusa, akaziweka zile mbili kando ya ile ya jana.

"Ukizitazama utasema zote zimetoka kalibu moja," Bi Mwanakombo alisema kwa uchungu. "Mimi mwenyewe nimeitoa kwa mkono wangu nisijue."

Raheli aliliandika lile neno. Babu yake, kule Newala, alikuwa mfyatua matofali, na kalibu kwa babu ilikuwa kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, kilichojaa udongo na matusi. Hakuwahi kuliwaza kwenye fedha. Alikuwa mtu wa namna hiyo: neno likimwingia akilini halimtoki hadi ajue limetokea wapi.

"Sanduku lilifunguliwa lini mara ya mwisho, kabla ya jana?"

"Miaka minne sasa."

"Kwa binti gani?"

Bi Mwanakombo alikikunja upya kile kitambaa cheupe. "Hakupewa binti. Ilikuwa ya Saida, dada yake Hafsa. Alimpenda mvuvi wa ng'ambo ya Ruvuma, akamfuata huko Msumbiji, akaolewa bila sisi. Nilitoa rupia yake nikaitayarisha, kisha nikairudisha. Nilisema rupia yetu haivuki mto."

"Na tangu siku hiyo sanduku halikutoka humu?"

"Litoke liende wapi?" Akaugusa ufunguo wa shingoni. "Lilitoka mara moja. Wiki ileile komeo lilivunjika. Ndugu yangu Yassini akalipeleka kwa fundi Chikongola. Rupia zilikuwa ndani, ndiyo, zimefungwa kitambaani. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, nimpekue?"

"Fundi gani?"

"Twahiru."

Jina lilelile kwa mara ya pili. Raheli aliaga upesi kuliko ilivyo adabu, na njia nzima hadi Chikongola alijiona mjinga kwa kumwamini Hadija. Somo amekwenda kwa Twahiru, sanduku limekwenda kwa Twahiru. Mkuu wa kituo angecheka hadi ashike mbavu.

Karakana ya Twahiru ilikuwa nyuma ya maduka ya soko, chumba kimoja chenye meza, jiko la mkaa na feni inayolalamika. Twahiru alikuwa mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Raheli alimwamkia, akaiweka rupia mezani bila maelezo.

Mzee hakuishika. Aliitazama, akachukua pande la karatasi ya kufungia vitunguu, ndipo akaishika na kuiburuza ukingo wake juu ya karatasi. Ukabaki mstari wa kijivu, kama wa penseli.

"Fedha haiandiki," alisema. "Inayoandika ni risasi. Hii ni risasi, imechanganywa na bati kidogo ipate weupe. Nani kakuuzia?"

"Sijauziwa. Imetengenezwaje?"

Hapo Twahiru alikaa vizuri, kama mtu aliyengoja miaka aulizwe jambo hilo. "Kuna kufua na kuna kusubu, afande. Kufua ni nyundo. Pesa ya serikali hupigwa kwa mtambo. Kipande kikavu, muhuri juu, muhuri chini, pwaa! Ndiyo maana maandishi yake yana kona kali. Kusubu ni kuyeyusha ukamimina kwenye kalibu. Tazama herufi hizi, zimelala. Na hii ndogo ya chini, ya mji ilikopigwa, imefutika kabisa. Hii imesubiwa."

"Kalibu kwetu ni ya matofali."

"Ni sawasawa. Kalibu ni chochote kinachokipa kitu umbo halafu kikabaki nyuma. Ya matofali, ya fedha, ya udongo, ya mchanga. Wazee wangu hata tanuri waliliita kalibu. Na mke wangu akigombana na mwanetu husema kijana huyu katoka kalibu ya baba yake." Akacheka. "Ila kalibu ina deni lake. Haianzi yenyewe. Lazima upate kwanza rupia ya kweli, uikandamize, ikuachie sura. Kisha madini yakipoa yanasinyaa. Mtoto huwa mdogo kuliko mama."

Alifungua kijaluba, akatoa rupia halisi ya kwake, akaipandisha juu ya ile bandia. Ya kwake ilitokeza ukingoni, si zaidi ya unene wa uzi. Kisha akampa Raheli kioo cha kukuzia. "Sasa tazama pale pasipo na picha, nyuma ya kichwa cha Mjerumani. Unaona nini?"

Raheli alitazama. Kulikuwa na mistari myembamba, mingi, inayofuatana kwa mapindo, mmoja nyuma ya mwingine. "Mawimbi," alisema.

"Mfupa wa dome. Yule ndugu yake ngisi. Mfupa wake mweupe hutupwa ufukweni na maji, laini, kucha tu inauchimba, lakini moto hauutishi. Unaukata vipande viwili, unabana sarafu katikati, unatoa, unachonga kinjia, unamimina. Kalibu ya mfupa hiyo. Hutumika mara moja tu, inaungua."

"Wewe unayo?"

Twahiru alivuta droo. Mifupa ya dome ilikuwa imejaa, myeupe, ya kila ukubwa. Raheli aliitazama mifupa, akamtazama mzee, na feni ikaendelea kulalamika.

"Unataka kunikamata," Twahiru alisema kwa upole.

"Nataka unieleze kwa nini nisikukamate."

"Haya." Alimpa pete ya fedha ambayo haijamalizika. Nusu yake ilikuwa na mawimbi yaleyale. Nusu nyingine ilikuwa laini kama kioo. "Mimi mawimbi ya mfupa nayasugua kabla hata jua halijaona. Sonara kumwachia mtu mawimbi ni sawa na mshonaji kumpa mtu kanzu ina alama za chaki. Halafu nitumie risasi kwa nini? Humu ndani fedha ninayo. Aliyeimimina hii anamimina risasi kila siku, na vitu vyake havitazamwi na mtu."

Hoja ilikuwa nzuri, lakini Raheli alikwisha kusikia hoja nzuri kutoka kwa waongo wengi. Akamuuliza juu ya sanduku la akina Chande.

"Nalikumbuka. Lilikuja asubuhi, likaondoka adhuhuri, Yassini mwenyewe kakaa kwenye kile kigoda pale. Komeo halikuwa kazi. Kazi ilikuwa bawaba, zimejaa mchanga. Mweupe, laini, ule wa ufukweni. Nilimtania, nikamwuliza, sanduku lenu linaogelea?"

"Yeye akasemaje?"

"Hakucheka."

Raheli alisimama na kusahau kuaga, akarudi mlangoni kuaga. Kutoka Mikindani hadi Chikongola ni barabara ya lami, na pwani ya Mikindani upande ule wa nyumba za akina Chande ni tope na mikoko. Mchanga mweupe wa kujaza bawaba ungetoka wapi? Kwa maelezo ya jaladani Yassini alikuwa na mashua mbili za uvuvi, na zote zilikuwa Msimbati, kwenye ufukwe wa mchanga mweupe.

Akiwa juu ya pikipiki alizipanga hoja kwa sauti, jambo lililomfanya mwendesha baiskeli mmoja amtazame kwa huruma. Aliyetengeneza bandia aliijua rupia kwa macho. Aliing'arisha hata Bi Mwanakombo asiitambue. Kwa masikio hakuijua. Mwanamke yeyote wa nyumba ile angejua kwamba risasi itaumbuka siku ya kwanza. Basi ni mwanamume, tena mwanamume aliyeruhusiwa kulibeba sanduku.

Msimbati alifika saa nane, meno yamejaa vumbi. Chini ya kibanda cha makuti mvuvi mzee aitwaye Nassoro alikuwa anapasua betri mbovu ya gari kwa shoka, akitoa risasi ya kumiminia chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi. Raheli alimwonyesha rupia kwenye kiganja.

"Hii lupia," mzee alisema, kwa ule ulimi wa Kimakonde ambao Raheli alikulia nao, akajisikia nyumbani. "Lakini si fedha, mwanangu. Nyepesi kwa macho, nzito kwa mkono. Hii ndugu ya chubwi."

"Chubwi zako unamimina kwenye nini?"

"Mchanga mbichi. Natoboa kwa kijiti, namimina."

"Hakuna anayetumia mfupa wa dome?"

"Yuko. Anasema za mchanga zina makwaruzo, zinakata mshipi." Nassoro akapapasa kwenye kikapu, akatoa chubwi tatu. "Hizi kanipa juzi tu."

Raheli aliziinua kwenye mwanga. Mawimbi yaleyale, yaliyopindana kwa subira, moja nyuma ya jingine. Alifurahi, kisha akaiona aibu furaha yake, kwa sababu alijua jina kabla halijatajwa.

"Yassini," Nassoro alisema. "Yule pale anayefungua mashine."

Yassini alikuwa mwanamume mpana wa miaka sitini, mikono imejaa grisi. Hakukimbia wala hakujifanya mgeni. Alimkaribisha inspekta juu ya gogo, akamtafutia dafu, akauliza Hafsa anaendeleaje, maana tangu jana jioni yeye alihamia huku kuepuka maneno ya watu.

"Hulazimiki kuniambia lolote, Mzee Yassini, na utakaloniambia nitaliandika."

"Andika. Mimi ningeiba kitu cha kwetu?"

Raheli aliweka chubwi moja juu ya gogo na rupia kando yake. Yassini alivitazama vitu hivyo viwili. Alipangusa mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kesho asubuhi Bi Hadija anapelekwa mahakamani," Raheli alisema.

"Wataniachia... watamwachia. Hana kosa, hakimu ataona."

"Ataonaje?"

Yassini likamtoka swali, na halikuwa la ujanja. Lilikuwa la mtu aliyelala nalo usiku kucha. "Hivi, afande, walijuaje? Nimeambiwa tu rupia imeonekana mbovu. Nani aliyeiona? Niliisugua kwa majivu na ndimu siku mbili. Mimi mwenyewe nilishindwa kuzitofautisha."

"Hawakuiona. Waliiangusha."

"Kuiangusha?" Alishangaa kabisa, mdomo wazi. "Rupia? Waiangushe kwa nini?"

Raheli alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. Kama angetaka ushahidi mwingine baada ya uso ule, angekuwa anajisumbua. Alimweleza kwa ufupi: msio, kimya, mlio, vigelegele. Yassini alisikiliza kama anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Nchi yenyewe ilikuwa chumba cha pili cha nyumba aliyozaliwa.

"Miaka sitini," alisema. "Miaka sitini nakaa barazani nasikia vigelegele vile."

Kisha alisema yote, bila kuulizwa zaidi. Saida alipoondoka, shangazi yake alikataa kumpa rupia, na Yassini hakuthubutu kumpinga dada yake mbele ya watu. Lakini alikuwa baba. Alilibeba sanduku hadi Msimbati kwanza, akamimina bandia usiku mmoja, akaiweka mahali pa ile ya Saida, ndipo akalipeleka kwa Twahiru. Ile ya kweli aliivusha mwenyewe kwenye mlango wa Ruvuma, akamwekea binti yake mkononi. Alitumaini Hafsa atapewa mojawapo ya zile mbili nzima. Bi Mwanakombo, kwa bahati tu, akachomoa ile ya tatu.

"Na Bi Hadija?" Raheli aliuliza. Sasa alikuwa na hasira, na hakuificha. "Jana umemwona anapandishwa gari. Ukaja huku kufungua mashine."

"Nikisema, wataifuata rupia ya Saida." Yassini aliinamisha kichwa. "Hana kitu kingine cha kwetu."

Raheli alimwambia ampigie binti yake simu, na aweke sauti ya juu. Ilikuwa lazima ajue kielelezo halisi kiko wapi. Hivyo ndivyo alivyoandika baadaye kwenye jalada. Simu iliita kwa muda mrefu. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke kijana, na nyuma yake kuku na mtoto.

"Baba? Kuna nini?"

"Saida, naitwa Inspekta Raheli, niko na baba yako, ni mzima. Ile rupia unayo?"

"Mnaitaka?"

"Nataka kuisikia."

Saida hakuuliza maana yake. Walisikia hatua, kifuniko cha kitu kikifunguliwa, mtoto akiambiwa anyamaze. Kisha ukaja mlio, mwembamba, mrefu, ukakawia kwenye kile kispika kibovu kabla ya kufa. Saida akaiangusha mara ya pili, na ya tatu.

"Huwa naiangusha mwenyewe, afande," alisema. "Nikiwa peke yangu. Siku ile sikuwa na wa kunisikilizia."

Yassini alijifunika uso kwa mikono yenye grisi na kulia waziwazi. Nassoro, kule kibandani, aliacha kupasua betri.

Walirudi mjini kwa pikipiki moja, mtuhumiwa nyuma ya inspekta, jambo ambalo haliko kwenye mwongozo wowote. Saa kumi jioni maelezo ya onyo yalikuwa yameandikwa na kutiwa saini. Bi Mwanakombo, mlalamikaji, alielezwa kwa simu. Alisema hana kesi na ndugu yake wala na Hadija, na kwamba rupia ya Saida ikae hukohuko iliko. Raheli alichukua ufunguo, akafungua mlango wa mahabusu.

"Bi Hadija, kesi imekwisha. Uko huru, mama. Chukua vitu vyako."

Hadija alisikiliza habari yote amesimama. Ilipokwisha alikaa tena chini, akaegemea ukuta, akajifunga kanga vizuri.

"Sitoki."

"Nini?"

"Niliingizwa mbele ya wanawake arobaini, nikitazamwa. Sasa unitoe jioni, kwa mlango wa nyuma, niende Ziwani kimyakimya? Watasema nimehonga. Watasema nimeonewa huruma." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe umeniita huru. Wao hawajasikia. Waite."

Raheli alimtazama konstebo wa zamu, konstebo akatazama dari. Hakuna fomu ya mtu anayekataa kuachiwa. Akatoa simu, akampigia tena Bi Mwanakombo, na akategemea kutukanwa. Bi Mwanakombo alisema tu, "Ana haki," akakata.

Walikuja kwa bajaji, kwa bodaboda, wengine kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, bado na hina ya jana viganjani. Walijaza uwanja mdogo wa kituo. Alikuwepo Hafsa, macho yamevimba. Alikuwepo hata yule mama mkwe wa bati, amesimama pembeni, mkoba kifuani. Raheli alimtoa Yassini na kumsimamisha barazani, Bi Mwanakombo kando yake. Nyuma yao, mlango wa mahabusu ulikuwa wazi, na Hadija alikuwa ndani, hajasogea.

"Rupia niliibadilisha mimi," Yassini alisema, akitazama miguu yake. "Miaka minne iliyopita. Hadija hana kosa."

Ndani ya mahabusu sauti ikasema, bila haraka, "Sijasikia."

Yassini aliinua uso. "Ni mimi. Niliimimina kwa mikono yangu. Hadija hana kosa."

"Wa nyuma hawajasikia," ikasema sauti.

Bi Mwanakombo alimshika ndugu yake mkono. Wakasema pamoja mara ya tatu, yeye akiongeza, "Na mimi niliyemsingizia, nimekosa," na safari hii walisema kwa sauti ya kufika barabarani, hata muuza mihogo wa ng'ambo akageuka. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinamisha uso.

Raheli alitazama saa ya ukutani, akaandika kwenye daftari: saa kumi na moja na dakika ishirini. Ndani, Hadija alikuwa ameinama, anatafuta viatu vyake.